Perpetua Hakuvaa Kofia

Wapo watu mjini Unguja wanaodhani Bi Perpetua ni mpole. Wanakosea. Ni mkimya tu, na ndani ya ukimya wake kuna kichwa kigumu. Baba yake alivuka kutoka bara kuja kuchuma karafuu, akampata binti huyu kule Mtoni na kumbatiza, na hakuishi kumwona akikua. Tangu usichana wake Perpetua anatandika vitanda katika nyumba ya wageni ya Mji Mkongwe, jumba la mawe lenye ngazi za kuua magoti. Majirani zake, ambao karibu wote ni Waislamu, wanamwita Bi Pepe, naye huitika naam bila kinyongo.

Kazini ana mwenzake, Tabia binti Ubwa, na baina yao kuna mapatano ambayo hakuna aliyewasainisha. Siku za Idi, Perpetua hutandika vyumba vya Tabia pamoja na vyake, na Tabia hushinda nyumbani na watoto wake. Siku ya Krismasi mambo hugeuka. Mameneja wamekuja na kuondoka, hakuna aliyewahi kuuliza, kwa kuwa mashuka yalikuwa meupe na wageni hawakulalamika.

Mwaka huu akaja meneja mpya, Evarist, kijana wa Moshi, Mkristo kama Perpetua, shati limenyooka na simu haimtoki mkononi. Alisimamisha mti wa plastiki uani akaubandika pamba iwe theluji, na joto la kaskazi linawatoa watu jasho hadi kwenye nyusi. Hilo Perpetua alilivumilia. Kisha Evarist akawakusanya wafanyakazi, akatangaza kwamba Krismasi hakuna kubadilishana zamu, na kwamba Bi Perpetua atasimama mlangoni tangu asubuhi na sinia la juisi, kichwani kofia nyekundu yenye kishada cheupe, awapokee wageni. Kwa nini yeye? Kwa sababu kati ya wanawake wa pale ndiye Mkristo peke yake, na sikukuu ni yake.

Hebu tazama akili hiyo. Sikukuu ni yake, kwa hiyo asiende kuisali.

Tabia alijitolea kuivaa ile kofia yeye, juu ya mtandio wake, na ndevu pia zikitakiwa. Watu wakacheka. Evarist hakucheka, alisema wageni wanataka Krismasi ya kweli.

Perpetua alimfuata ofisini. Evarist akamtuliza kwa sauti laini: misa ya jioni ipo, Mungu haangalii saa, na yeye mwenyewe hajasali Krismasi asubuhi wala hajaenda kwao tangu aanze kazi za hoteli, na hajafa.

"Mwanangu," Perpetua akasema, "ukinambia nikuoshee vyoo siku ya Krismasi, ntakuoshea nikirudi kanisani. Lakini hutonisimamisha mlangoni niwe pambo la siku uliyonikataza kuisali. Huyo aliyezaliwa hakuzaliwa kwa ajili ya picha za wageni. Asubuhi nnakwenda misa."

"Ukienda, Bi Perpetua, usirudi."

"Nshakwambia nnakwenda. Ya kurudi tutayaona."

Usisikie maneno hayo ukadhani hakuogopa. Aliogopa sana. Mtu wa umri wake akikosa kazi mji huu hapati nyengine, na nyumba yao ya Mtoni inamtegemea yeye. Hata hivyo, Krismasi ilipopambazuka alivaa gauni lake la kitenge, akajipaka mafuta, akashika njia.

Kanisani alikaa nyuma, karibu na feni. Habari ikasomwa ile ile: Mariamu ana mimba pevu, Yusufu anahangaika, nyumba ya wageni imejaa. Kila mwaka hapo ndipo Perpetua hukasirika. Wengine husikia habari za malaika. Yeye husikia habari za watu wa kazi yake. Anajua fika kwamba nyumba ya wageni haijai kiasi cha kukosa pa kumlaza mwenye uchungu. Stoo ipo. Chumba cha kupigia pasi kipo. Anamwona mwenye nyumba ameshughulika na wakubwa wake, na Mungu mwenyewe anazungushwa uani kwa ng'ombe. Na Mungu akakubali kupita huko. Hakununa, hakurudi mbinguni. Alizaliwa hapo hapo penye harufu ya samadi, kwa ajili ya wale wale waliomfungia mlango. Hilo ndilo humliza Perpetua, hasira na mapenzi kwa pamoja, na mwaka huu alilia bila kujificha. Alipotoka alikuwa ameshaamua kurudi kazini. Kama ni kufukuzwa, na afukuzwe uso kwa uso.

Kutoka kichochoroni aliona mtu mlangoni na sinia. Kofia nyekundu ilikuwa kichwani pa Evarist.

Tabia, aliyekuwa akipiga deki barazani, akamvuta pembeni kumweleza. Asubuhi meneja alimletea kofia yeye Tabia, naye akaikataa; meneja akampelekea Thuwaiba wa jikoni, huyo naye akaikataa. Tabia alimwambia meneja kwamba mwanzo alitaka kumwokoa Pepe. Sasa Pepe keshafukuzwa, aivae kwa ajili ya nani? Vyumba vya Perpetua ashavitandika, kama kila mwaka.

Perpetua akamwendea Evarist na maneno makali tayari mdomoni. Jasho lilikuwa linamtiririka kijana wa watu, tabasamu la kazi limemganda usoni. Simu iliita mfukoni, ikanyamaza, ikaita tena, na mikono yake imeshika sinia.

"Ni mama," akasema. "Wote wako nyumbani." Akatazama chini. "Padri amesema nini leo?"

Perpetua angeweza kumsimanga, na haki alikuwa nayo. Akalipokea sinia.

"Kofia iache mezani, mimi siivai. Misa ya mwisho ya asubuhi haijaanza. Ukikaza mwendo utaiwahi."

Evarist akasema wageni je, akasema zamu je, halafu, kwa aibu, akasema kwamba yeye alikwisha kumwambia asirudi.

"Kunifukuza utanifukuza kesho," Bi Perpetua akasema. "Leo nenda kasali."