Kila Mkuu Alipoingia

Shuleni kwetu Tlawi kompyuta yenye nguvu ni moja tu. Ndani yake nikatengeneza mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta, ili walimu wote waingie kwa pamoja kupitia laptop zao chakavu na kujaza alama za wanafunzi. Niliijaribu, ikakubali.

Tulipoanza kazi, ghafla walimu wote wakawa nje ya mashine, akabaki ndani mkuu wa shule peke yake. Kesho yake vilevile. Nikamshuku mwalimu wa fizikia, maana kazi hii ya kusimamia mashine aliitaka yeye. Nikambadilishia neno la siri bila kumwambia, akaja kulalamika, bado watu wakaendelea kutoka. Nikaanza kumtilia shaka hata mkuu mwenyewe.

Basi nikakaa kiti cha nyuma ndani ya ofisi ya walimu, nikajifanya nasahihisha madaftari, macho kwenye skrini zao. Jina la mkuu likatokea pembeni, kuonyesha kwamba ameingia. Mwalimu wa fizikia akahifadhi kazi yake, akatoka. Wa Kiswahili naye akatoka.

"Nani anawatoa?" nikafoka.

"Tunatoka wenyewe," akasema wa fizikia, akinishangaa. "Mkuu ameingia. Si tumpishe kwanza?"

Nikawaka. Nikawaambia humo ndani hakuna kiti cha kumpisha mtu, nafasi ni ya wote. Nikafungua laptop yangu niwaonyeshe, nikaingia kama mwalimu yeyote.

Nilipoliona jina la mkuu pale pembeni, mkono wangu ulishabonyeza kutoka.