Laptopu ya Mwalimu Katee

Habibo Muhumed alijifunza ufundi wa kompyuta kwa kuzifungua. Mama yake alitaka wauze nguo pamoja dukani kwake, lakini yeye akaweka meza yake kwenye kona ya duka hilohilo la Kitengela, na kwa miaka sita watu wakamzoea. Hakupenda kumwambia mtu anunue mashine nyingine.

Februari, Katee Kimeu, mwalimu mstaafu wa Mashuuru, alimletea laptopu yenye memori ya gigabaiti mbili tu. Alikuwa anaandika kitabu cha mimea ya Kajiado.

"Nikifungua picha, inaganda," alisema. "Napika chai, nakunywa, bado imenuna."

Memori ilikuwa imechomelewa kwenye bodi, haingeongezwa. Habibo akatenga nafasi kubwa zaidi kwenye diski, ya kuhamishia vitu memori ikijaa. Akaiwasha mara moja tu, akaridhika, akamrudishia Katee.

Siku tatu baadaye Katee akapiga simu. "Habibo, sasa ni mbaya kuliko kwanza."

Ilimuuma. Angeweza kumwambia airudishe, lakini Jumamosi akaenda Mashuuru mwenyewe.

"Fanya kazi kama kawaida, Mwalimu. Mimi niko hapa nyuma tu."

Katee akafungua maandishi, kisha picha za migunga: moja, tano, ishirini. Kila kitu kikasimama. Taa ya diski ikawaka bila kupumzika, na Habibo akaelewa. Diski ile kuukuu ilikuwa ya polepole tangu mwanzo, naye alikuwa ameiongezea mzigo.

"Kosa ni langu," akasema.

Akabadilisha mpangilio. Sasa vitu visivyotumika kwa wakati huo vingebanwa vichukue nafasi ndogo, vibaki ndani ya memori yenyewe. Diski ingeguswa mwisho kabisa. Kubana na kufungua kungeipa kompyuta kazi, lakini si kama kungoja diski.

Katee akarudia. Picha ya ishirini ikasitasita, halafu ikafunguka.

"Haijakuwa mpya," Habibo akamwonya. "Ukifungua hamsini, itakushinda."

"Hamsini za nini? Mimi niko na macho mawili tu."

Wakacheka, na Katee akaendelea kuandika hadi adhuhuri bila kuinuka.

Siku hizi Habibo harudishi kompyuta kabla mwenye kompyuta hajaketi kwenye meza ile ya dukani nusu saa akifanya kazi yake ya kila siku. Wengine hulalamika kwamba anawachelewesha. Yeye huwavutia kiti.