Kanuni Nne za Anyisile

Anyisile alikuwa na kanuni nne. Aliziandika kwa wino mzito kwenye kipande cha boksi la biskuti, akakibandika juu ya kompyuta pekee ya hospitali yetu ya misheni, kule njia ya Mwaya. *Kilichokubali mara moja hakijakubali. Usimjaribie mwenzako unachoogopa kujijaribia. Usipike matokeo. Kisichokosea kamwe, kiogope.*

Mimi Mwasiti, mtoto wa Bondeni, mgeni huku, na karani wa kuchapa, nilimcheka. Nilimwuliza, "Kaka, hizo ni kanuni au hirizi?" Akatabasamu tu.

Ilikuwa mwaka 1997, miaka ile kila kitu kipya kinaingia, mabasi ya watu binafsi, soda za kopo, na kwetu wafadhili wakaleta kompyuta yenye programu ya kutunza habari za wagonjwa. Fundi aliyeitunga alikaa Mbeya. Kazi ya Anyisile ilikuwa kuijaribu kabla haijaaminiwa: anaibonyeza vibaya makusudi, anaandika tarehe zisizokuwepo, anamlaza mgonjwa yuleyule mara mbili, kisha anaandika ilipokwama. Kazi ilimfaa. Mtu aliyesahau baiskeli yake sokoni mara tatu, asiyeamini kumbukumbu yake mwenyewe, ataiaminije ya mashine?

Ijumaa moja akafika sehemu ya vifo. Ilibidi mtu mmoja aandikwe amekufa, ionekane kama programu itamwondoa wodini. Nikamwambia atunge jina. Akasema huku kwao jina lolote utakalotunga lina mwenyewe, na kumwandika mtu hai kati ya wafu ni kumwonyesha njia. Akaitazama kanuni ya pili, akaandika jina lake. Mashine ikakubali. Alipotaka kujirudisha kati ya walio hai, ikakataa. Akachukua disketi, akaacha baiskeli yake stendi, akapanda basi la Mbeya kumtafuta fundi.

Kosa lililofuata ni langu, silifichi. Kila Ijumaa nilipiga taipu orodha ya waliofariki, mchungaji aisome Jumapili, maana ndugu wengi hawakuwa na njia nyingine ya kupata habari. Wiki hiyo, kwa majivuno, niliitoa kwenye kompyuta. Sikuisoma. Mungu anisamehe, nilikuwa nawahi kusuka.

Jumapili jina likasomwa, na Bibi Marta, mama yake Anyisile, amekaa benchi la mbele. Wanaume wakaja kuchukua mwili. Ofisi ilikuwa imefungwa. Mlinzi wa chumba cha maiti akawafungulia, wakatafuta, hawakuuona. Hapo hofu ikawa mara mbili. Wakarudi wakachimba kaburi kando ya migomba, wakakaa kuungoja mwili.

Jumatatu mchana Anyisile akatokea na baiskeli yake. Vilio vikakatika kwa pamoja. Watu wakampisha njia, wala hakuna aliyempa mkono. Alieleza, tena alieleza vizuri, lakini wazee walisema kaburi lililochimbwa halifukiwi tupu. Wakaviringisha shina la mgomba kwa sanda iliyokwisha kununuliwa, wakalizika huku mwenye kaburi amesimama anatazama.

Majirani walimzoea polepole. Mama yake hapana. Alimwekea chakula nje, juu ya jani la mgomba, kama wanavyowekewa wale wasiotakiwa kuingia ndani. Kila asubuhi alisimama mlangoni akamwuliza swali. Nani alikung'oa jino la kwanza? Ndama wetu aliyekufa kwa mafuriko alikuwa na doa wapi? Anyisile alijibu yote sawasawa, na kila jibu sahihi lilimrudisha yule mama nyuma hatua moja.

Siku ya tisa nilifuatana na Anyisile mpaka mlangoni kwa mama yake. Dhamira ilikuwa inanitafuna.

"Ugonile, mama," Anyisile alisalimu.

"Ndaga," aliitikia bila kumtazama. Kisha akaniambia mimi, "Binti, mwanangu alikuwa msahaulifu. Huyu hasahau kitu. Wafu ndio wanaojua yote."

Niligeuka kutazama migombani. Pale kaburini lile shina lilikuwa limeanza kuchipua.

"Nakuuliza la mwisho," akamgeukia. "Aliyekutangulia tumboni mwangu, aliyekufa kabla ya kuota jino, jina lake nani?"

Anyisile alinitazama mimi, akatazama chini.

"Sijui, mama."

Bibi Marta alitoka mlangoni kwa mara ya kwanza. Akamshika uso, akamshika masikio, akalia kwa sauti. "Usingeweza kulijua, mwanangu. Jina lile nilimpa moyoni tu. Hata baba yako sikumtamkia." Akamwingiza ndani, akamlisha ndizi na samaki kwa mkono wake. Na mimi nililia, kwa furaha na kwa aibu yangu.

Tuliporudi ofisini, Anyisile alichukua kalamu akaikata kanuni ya tatu. *Usipike matokeo.* Mstari mmoja, ulionyooka.

"Kwani ulipika nini?" nikamwuliza.

"Anaitwa Aliko," alisema.

"Nani alikwambia?"

"Hakuna. Nililijua tangu Jumatatu ile, dada. Niliposhuka kwenye baiskeli nilikuwa nalo."

Nilisema anatania. Hakucheka.

Miaka minne baadaye Bibi Marta aliugua. Siku yake ya mwisho nilikuwa nampepea, na mwanawe amekaa miguuni. Mchana akafumbua macho, akamtazama Anyisile usoni, akaita, "Aliko." Akaita mara tatu. Wanawake wakaulizana Aliko ni nani katika ukoo huu.

"Niko hapa, mama," Anyisile aliitikia.

Kanuni yake ya kwanza inataka swali liulizwe tena. Tulifanya kazi meza moja mpaka nilipostaafu, na sijamwuliza tena nani alimwambia jina lile.