Ukurasa wa 212, Futa Mstari wa 9

Ofisini kwetu hatukusema mswada umekataliwa. Tulisema umeuawa. Huu umenyongwa kwenye kamati, ule umechinjwa seneti, ule mwingine unavuja damu lakini bado unapumua. Nilipoanza kazi pale maneno hayo yalinichekesha. Baadaye niliyazoea, nikawa naandika "umekufa" kwa wino mwekundu kando ya namba, kisha naenda zangu kunywa chai.

Kazi yangu ilikuwa kufuatilia miswada ya ujenzi katika bunge la jimbo, hapa Saint Paul, kwa niaba ya chama kimoja cha makontrakta. Tangu baridi ya Februari hadi bunge lifungwe mwezi wa Mei, nilikuwa na jedwali langu: namba ya mswada, kamati iliyoushika, nani anautaka, nani anautakia mauti. Kwa miaka sita sikuwahi kumpa mwanachama jibu la kubahatisha. Nilijivunia hilo kupita kiasi, sitaficha. Nilikuwa pia mtu wa hasira za karibu. Printa ya ofisi ilikuwa na bonde ubavuni, na bonde lile lilikuwa la kiatu changu.

Mdogo wangu alichimba mitaro ya mabomba. Nilimleta kutoka Mombasa, nikampa chumba kwangu Roseville, na kazi nikamtafutia mwenyewe kwa mmoja wa wanachama wetu. Nilimpigia mwanachama yule simu, nikasema nina ndugu mwenye nguvu na asiyelalamika. Yote mawili yalikuwa kweli.

Mwaka mmoja kabla ya haya ninayosimulia, kule Fridley, mtaro ulimfunika mwenzake. Alikuwa Mkongomani, baba wa watu, mpole, aliyeimba kwaya Jumapili na kutwa nzima ya Jumatatu. Alikuwa ameinama chini, udongo ukamfunika mwili wote. Mdogo wangu na wengine walimfukua kwa mabeleshi, kisha kwa mikono, kwa sababu beleshi la mmoja wao lilimkata marehemu shavu. Walipoufikia uso, mdomo ulikuwa umejaa udongo hadi kooni, na macho yamefunguka. Mdogo wangu alirudi nyumbani bila kucha tatu. Alikaa kwenye beseni la kuogea na nguo zake zote, buti zote, maji yakawa matope, akaniambia, "Dada, ulikuwa mtaro wa kifuani tu. Nilikuwa namwona kichwa. Naongea naye."

Hilo la kifuani ndilo lililotuua. Mtaro wenye kina kirefu sheria ililazimisha uwekwe boksi, yaani kuta za chuma zinazozuia udongo usiporomoke. Mtaro wa kina kifupi haukulazimishwa kitu. Nyapara akikuambia ingia, unaingia, ama unakwenda nyumbani na usirudi.

Msimu uliofuata ukaletwa mswada. Mtaro wowote unaomfika mtu kifuani uwe na boksi, na mfanyakazi akikataa kuingia mtaro usio na boksi, asifukuzwe wala asiguswe. Mwishoni kulikuwa na mstari mmoja mfupi: kifungu hiki kinaanza kutumika siku ya pili baada ya gavana kutia saini. Chama chetu hakikuupenda. Mimi niliupenda kimyakimya, nikaendelea kuchukua mshahara wa watu wasioupenda. Jioni mdogo wangu aliniuliza habari zake kama mtu anayeulizia mgonjwa. Nilimjibu umetoka kamati hii, umeingia ile, na ule mstari wa siku ya pili bado umo.

Mwezi wa Mei ukafika, na Mei bungeni ni vita. Miswada midogo yote iliyobaki hukusanywa na kutiwa ndani ya mmoja mkubwa, wa mamia ya kurasa, ambao sisi tuliuita gunia. Watu hawalali, hawaogi, wanatukanana kwenye ngazi za marumaru. Niliona wakili mmoja akimkaba mwenzake tai kwa sababu ya kifungu cha vigae vya paa. Mimi mwenyewe nilimsukuma mtu aliyenitangulia kuchukua nakala, akagonga kichwa kwenye nguzo, na sikumwomba radhi. Alhamisi ya wiki ya mwisho nililifungua gunia, nikatafuta kifungu cha mitaro. Kilikuwemo. Tarehe ilikuwemo. Nikakipaka rangi ya kijani kwenye jedwali langu.

Jumamosi asubuhi bosi alinipa karatasi aliyoiandika kwa mkono. Ilikuwa orodha ya marekebisho ambayo rafiki zetu katika kamati ya pamoja ya mabaraza mawili ya bunge walikuwa wamekubali kuyabeba. Marekebisho yana desturi yake ya kuandikwa: hayasemi yanafuta nini, yanasema yanafuta wapi. Ukurasa fulani, mstari fulani, futa. Ukitaka kujua maneno yanayokufa, lazima ufungue gunia uhesabu mistari, na gunia lenyewe lilikuwa limechapishwa upya usiku uliopita, kurasa zote zimesogea. Zilikuwa amri thelathini na kitu. Nilizipiga chapa kwa dakika chache. Namba zote zilikuwa sahihi, maana nilizihakiki mara mbili dhidi ya mwandiko wa bosi. Maneno sikuyahakiki hata moja. Ya kumi na saba ilisema: ukurasa wa 212, futa mstari wa 9. Nikazipeleka mwenyewe mkononi, mbio, viatu nimevishika.

Gunia lilipita. Gavana alitia saini. Siku hiyo mdogo wangu alinipokea mlangoni.

"Isha-pass?"

"Ishapita. Na gavana asha-sign."

"Kwa hivyo nikikataa kuingia, hawani-fire?"

"Hawawezi. Hawawezi hata kukugusa."

"Wallahi?"

"Wallahi," nikasema. Aliniinua juu, mimi dada yake mkubwa mwenye mwili wangu huu, akanizungusha sebuleni hadi nikampiga makofi ya mgongo aniweke chini.

Wiki ya kwanza ya Juni, saa nne asubuhi, simu yangu ya mezani ililia. Namba niliijua. Ilikuwa ya kampuni aliyofanyia kazi mdogo wangu. Mama mmoja wa ofisini kwao aliniuliza kwa haraka: hii sheria ya mitaro mifupi imeshaanza? Wana kazi Inver Grove Heights, na kuna mfanyakazi amekataa kuingia, anasema imeanza.

Nilijua ni yeye. Sikuhitaji kuambiwa jina. Nilitabasamu hata, nikafungua sheria iliyotiwa saini ili nimsomee tarehe. Kifungu kilikuwepo. Boksi lilikuwepo. Asifukuzwe wala asiguswe, lilikuwepo. Chini yake palikuwa peupe. Mstari wa tarehe haukuwepo, na sheria isiyotaja tarehe yake huku kwetu husubiri hadi Agosti mosi.

Yule mama alisema, "Haloo?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema ndiyo, imeanza. Neno moja. Nani angekuja kunihukumu? Lakini miaka sita ilinikaa kooni. Mimi sikuwa mtu wa kutoa jibu la uongo, mimi ndiye niliyeaminiwa jimbo zima, nikasikia sauti yangu ikisema, nzuri, ya kikazi, "Bado. Inaanza Agosti mosi." Akanishukuru.

Ndipo nikatafuta ni nani aliyeua ule mstari. Nilitaka jina, nimfuate nikamkwaruze uso. Nikafungua karatasi za kamati ya pamoja, nikaona amri ya kumi na saba, kwa chapa yangu, na alama yangu ya kuhakiki kando yake mara mbili. Bosi alijua mstari ule unasema nini. Mimi ndiye niliyeubeba.

Nilimpigia mdogo wangu. Simu ililia hadi ikakata. Nikapiga tena nikiwa kwenye ngazi, nikapiga tena kwenye gari. Niliendesha hadi Inver Grove Heights nikipiga honi na kutukana kila aliyekuwa mbele yangu, na nilipokuwa nakaribia, gari la wagonjwa lilinipita likielekea nilikotoka.

Nilipofika, mwenzake mmoja alinieleza kilichotokea. Nyapara alikuja na simu mkononi, akamwambia mdogo wangu haya, nimeuliza, hakuna sheria, ingia. Mdogo wangu akasema dada yangu anafanya kazi ya sheria, imeanza. Nyapara akampiga mpini wa beleshi mgongoni, mara mbili. Pigo la tatu lilimpata nyuma ya goti, akaanguka mtaroni kwa magoti. Hakupewa hata nafasi ya kusimama. Katapila lilikuwa linanguruma karibu sana na ukingo, ukuta wote wa udongo ukashuka, na ndani ya udongo kulikuwa na kipande kizima cha zege la zamani. Kilimwangukia miguuni. Mwenzake alisema alisikia mfupa.

Nyapara alikuwa kando ya lori anakunywa maji. Kwa nini maji yale yalinitia wazimu sijui. Niliokota helmeti iliyokuwa chini nikampiga nayo usoni. Nikampiga tena pua ikapasuka, damu ikanirukia hijabu. Alipoinama nilimng'ata sikio, nikaonja chumvi yake, na ningeling'oa kama hawangenivuta wanaume watatu. Nilikuwa napiga kelele kwamba amemuua ndugu yangu na sheria inamlinda.

Alishika pua, akasema kwa utulivu uliokuwa mbaya kuliko tusi, "Tuliuliza. Chama chenu ndicho kilichotuambia Agosti."

Polisi walinikuta nimekaa chini. Walinifunga pingu, na sikubishana nao; kesho yake nikatoka kwa dhamana.

Mguu wa kulia madaktari walimkata juu ya goti. Wa kushoto waliushona kwa vyuma. Alipotoka hospitali nilimrudisha chumbani kwake Roseville, kazi nikaiacha, nikawa nambadilishia bandeji. Kile kisiki kilikuwa na mishono myeusi, kikitoka maji mekundu, na kila nilipokigusa alikuwa akinishika bega na kusema pole, dada. Ananipa pole mimi. Watu wa msikitini wakija kumtazama, aliwaambia, "Huyu ndiye aliyetupigania bungeni. Nyapara ndiye aliyedanganya." Nilikuwa nakimbilia jikoni.

Agosti mosi, baada ya sala ya adhuhuri, alikaa kwenye kochi na magongo yake mawili kando. Akaniambia nimsomee sheria, maana amesikia redioni kwamba leo ndiyo siku yake ya kwanza. Nikamsomea kwa Kiswahili, neno kwa neno. Nilipofika mwisho akauliza, "Na ule mstari ulioniambia, wa siku ya pili, uko wapi?"

"Ulifutwa."

"Nani aliufuta?"

Ningeweza kutaja kamati. Ningeweza kumtaja bosi. "Mimi," nikasema. "Niliupiga chapa bila kuusoma."

Hakuwahi kuniinulia mkono maisha yake yote, hata utotoni nilipokuwa nikimpiga kila siku. Aliinua gongo akanipiga nalo juu ya jicho la kushoto. Sikukinga. Damu ilishuka ikanifumba jicho, ikadondokea karatasi.

"Na simu," akasema, anahema. "Nyapara alisema waliuliza. Waliuliza nani?"

"Mimi."

La pili lilinipata taya. Nilisikia jino likikatika, nikalitema kiganjani, nikabaki nimelishika. Nilikuwa nataka la tatu. Wallahi, nililitaka. Nilidhani akinipiga vya kutosha tutakuwa tumemaliza.

Alilirudisha gongo nyuma, mikono yote miwili, kisha akasita.

"Ulijua ni mimi?"

Jicho moja limefumba, nikamtazama kwa lile jingine. Miezi ile yote sikuwa nimesema uongo hata mmoja kuhusu sheria ile, na sikuanza siku hiyo.

"Nilijua."

Hakunipiga. Alilishusha gongo taratibu, akaliegemeza kwenye kochi pamoja na lile jingine. Akatoa simu akamwita rafiki yake wa msikitini aje na gari. Kisha akaniambia, bila kunitazama, nimletee kiatu chake.

Nikaenda mlangoni nikamletea.