Kiunzi cha Kumi na Nne

Tulikuwa wa tatu. Katika miaka saba niliyoshindana nikimpanda farasi wangu sikuwahi kumaliza Jumamosi nikiwa hata wa kumi, na jioni ile nilisimama mbele ya ubao wa matokeo nikilisoma jina langu kama la mtu mwingine.

Yalikuwa mashindano ya siku mbili, kaskazini mwa Johannesburg, ya watu wenye kazi zao mjini: walimu, wanasheria, daktari wa meno, na mimi wa benki kule Marshalltown. Jumamosi farasi hupimwa mwendo na utii wake kwenye uwanja wa mchanga, kisha huruka viunzi vyepesi ambavyo vikiguswa huanguka. Jumapili ndiyo siku yenyewe. Mnakwenda mbio porini, mnaruka magogo, mitaro na maji, na huko ukigonga kitu hakianguki, mtaanguka nyinyi.

Farasi wangu alikuwa jike wa kahawia, mwenye miaka kumi na saba. Zamani alikuwa wa mbio, alipopungua kasi wakamuuza. Nilimpata mwaka mmoja baada ya mume wangu kufariki, wakati ambao nilikuwa nikifika nyumbani Kensington nakaa ndani ya gari nusu saa nzima, nisiweze kufungua mlango. Nilijifunza kupanda farasi nikiwa na miaka arobaini na moja, na yeye ndiye aliyenivumilia. Nilimsemesha Kiswahili. Binti yangu anakielewa lakini hunijibu kwa Kiingereza, na baada ya msiba lugha hiyo ilikuwa imenyamaza nyumbani kwetu.

Aliyemtunza farasi alikuwa mzee wa Lubumbashi, fundi cherehani kwao, ambaye alipofika huku alilinda karakana moja Jeppestown kabla ya kupata kazi mazizini. Jumapili asubuhi nilimkuta amechuchumaa, kiganja chake kwenye mguu wa mbele wa kushoto.

"Maman, huu muguu iko na moto kidogo. Gusa."

Niligusa. Chini ya goti, upande wa nyuma, palikuwa na joto. Si kali, joto la kikombe cha chai kilichosahauliwa mezani.

"Ni jua, mzee," nilisema.

"Jua imetoka sasa hivi."

Niliomba tandiko. Alilileta, akalifunga vizuri kama siku zote, na hakunitazama.

Mvua ilikuwa haijanyesha wiki tatu na ardhi ilikuwa ngumu. Lakini farasi alikwenda vizuri mno. Aliruka kila kitu masikio yakiwa mbele, nami nikajiambia kwamba mzee alikuwa amekosea. Tulipotoka kwenye maji, kiunzi cha kumi na tatu, nilihisi hatua moja imekuwa fupi. Halafu nyingine.

Mbele yetu kulikuwa na gogo nene, la kumi na nne, na baada yake kiunzi kimoja tu. Ningependa kusema nilimfikiria yeye kwanza. Kwanza nilifikiria nafasi ya tatu. Kisha mguu ule ukakanyaga tena, nikaisikia ile hatua hadi kifuani mwangu, nikaketi nyuma na kuvuta hatamu.

Hakunielewa. Alipigana nami, akarusha kichwa, akataka kwenda. Miaka saba nilikuwa nikimwambia twende.

"Basi, mama. Basi," nilimwambia.

Nilimwinulia mkono mtu wa bendera aliyesimama kando ya gogo, ndiyo ishara ya kujitoa. Nikashuka, nikamrudisha kwa miguu. Tulipofika mazizini alikuwa akichechemea waziwazi.

Mzee alikuja na ndoo ya maji baridi, akaanza kuumwagia mguu.

"Umemusimamisha weye mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Ni muzuri."

"Uliniambia asubuhi, mzee."

"Nilikuambia," alisema, akaendelea kumwaga maji.

Daktari wa mifugo alipitisha kipimo chake juu ya mguu, akanionyesha doa jeusi kwenye skrini. Ukano, ule mshipa mgumu unaounganisha msuli na mfupa, ulikuwa umechanika karibu nusu.

"Ungeruka lile gogo, ukano ungekatika wote," alisema. "Hapo tungekuwa tunazungumza habari ya kumlaza milele. Umefanya vizuri kusimama."

"Nilijua tangu asubuhi kwamba mguu una joto."

Aliacha kufunga bendeji kidogo, akanitazama, kisha akaendelea. Aliniambia farasi ataishi, lakini hatashindana tena.

Miezi miwili alisimama zizini bila kutoka. Baadaye tulianza kumtembeza kwa kamba, dakika tano, kisha kumi, mzee siku za kazi na mimi mwisho wa wiki. Wiki za kwanza nilipoingia alikuwa akinigeuzia mgongo. Huenda ni maumivu, huenda alichoka kufungiwa. Mimi nilipokea kama adhabu niliyostahili. Siku moja tu, bila sababu ninayoijua, aliweka pua yake begani kwangu akaiacha hapo, nami nikalia mbele ya mzee bila aibu.

Sasa yuko malishoni na farasi wengine wawili wazee. Mawingu ya radi yakijikusanya alasiri hukimbia kidogo kando ya uzio, kisha husimama mwenyewe. Simpandi. Kazini wakisikia kwamba nilijitoa viunzi viwili kabla ya mwisho hunisifu, na kila mara inanibidi niwasimulie na ile asubuhi.

Binti yangu ameuliza mara mbili kama nitatafuta farasi mwingine. Nimemwambia bado.