Mkutubi na Kitabu Kinene

Mkutubi wa chuo chetu, hapa karibu na Michenzani, ndiye anayetuchagulia vitabu vya kompyuta, vya miundo ya data na algorithimu. Kila kitabu kipya hukilaza mezani, akakifungua katikati, kisha akaondoa mikono. Kikijifunga chenyewe, hukirudisha kwenye boksi. "Mwandika programu mikono yake iko kwenye kibodi," husema kwa sauti ya chini. "Nani atamshikia kitabu?" Kikibaki wazi, hutafuta michoro, akafuata mishale yake kwa kidole, midomo ikicheza kama anayesoma uradi.

Juzi Haitham, mwanafunzi mwenzangu, alimrejeshea kitabu kinene kuliko vyote. "Shikamoo, Bi. Nnaacha masomo. Sifahamu kitu."

"Marahaba," alijibu, akavuta kiti akakaa karibu naye. Akafungua ukurasa wa arubaini, akamwonesha alama tatu za penseli pembeni. "Hapa nshakwama mara tatu mie, na mie ndiye niliyekichagua." Akainuka, akamletea kitabu chembamba chenye michoro mingi. "Anza na hiki. Hicho kinene tutakisoma pamoja Jumatatu."

Haitham alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Saa ngapi, Bi?"