Wiki ya Maulidi na Krismasi

Katika Dubai yote, Bi Mkubwa ndiye pekee aliyekuwa akinitakia Krismasi njema kwa mdomo wake. Wengine walinitakia kwa simu. Hata meneja wa jengo letu pale Jumeirah Village Circle alituma ujumbe mmoja kwa wakazi wote, Waislamu na Wahindu na sisi, akitutakia msimu wa furaha na kutukumbusha tusiegeshe magari karibu na mapipa ya taka. Chini ukumbini waliweka mti mrefu wenye taa, na masanduku yaliyofungwa kwa karatasi za kumetameta. Siku moja niliinua moja la masanduku yale. Lilikuwa tupu, nami nikakasirika kana kwamba kuna mtu aliniahidi kitu.

Bi Mkubwa alikuwa mama wa mwajiri wangu. Alizaliwa Unguja, akaletwa Ghuba akiwa bibi harusi, akazeekea huko na Kiswahili chake cha nyumbani. Mimi nilitoka magharibi mwa Kenya, nikaacha watoto wangu wawili kwa mama yangu, nikaajiriwa kumwogesha, kumpikia na kumpa dawa. Kila asubuhi ya Krismasi yeye ndiye aliyetangulia kufika jikoni, anajikongoja na fimbo, amejipaka mafuta mazuri kama anayekwenda harusini. Alisema, "Krismasi njema, mwanangu. Mola akukutanishe na wanao." Halafu akanipa sahani ya halua na kuniamuru nisiguse sufuria siku hiyo. Kila mwaka nililia kwanza, kisha nikala halua.

Mimi nami nilimtumikia katika Maulidi yake. Siku hiyo walikuja akina mama wenzake, wazee wa Kizanzibari waliobaki mjini, wakakaa sebuleni na kanga zao na kusoma. Nilifukiza udi, nikapitisha kahawa na visheti, nikawanyunyizia marashi mikononi. Kisomo kinapofika mahali panapotaja kuzaliwa kwa Mtume, watu wote husimama kwa heshima. Hapo mimi nilikumbuka ghafla kwamba nimesahau kitu jikoni. Mchungaji wetu, katika kanisa letu la Ijumaa, maana huko Ijumaa ndiyo iliyokuwa Jumapili yetu, alikuwa ametuonya tusishiriki ibada za watu wengine. Bi Mkubwa alijua kwamba ninatoroka, wala hakuwahi kuniuliza.

Mambo yalibadilika baada ya mtoto wake, yule mwajiri wangu, kufiwa na baba yake. Sir, ndivyo nilivyomwita, alifanya kazi uwanja wa ndege, na katika safari za kwenda na kurudi Garhoud, mtaa wa uwanja huo, alianza kusikiliza mawaidha garini. Sijui alikuwa akitafuta nini humo. Nadhani alitaka mtu wa kumwambia kwa uhakika lipi ni sawa, kwa kuwa sasa baba hayupo. Akafuga ndevu, akaacha muziki, na siku moja akatuketisha wote sebuleni. Alisema Maulidi hayatasomwa tena nyumbani kwake kwa kuwa Mtume mwenyewe hakuyaamrisha. Na hongera za Krismasi zisitoke kinywani mwa mtu wa nyumba ile, kwa kuwa huwezi kumpongeza mtu kwa jambo usiloliamini.

Aliyasema kwa adabu. Akanigeukia, akaniambia, "Sikuchukii, dada. Siku yako ya mapumziko utaipata vilevile." Na kweli niliipata. Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyemkata mama yake kucha za miguu kila wiki, na hakuniachia mimi kazi hiyo hata siku moja. Niliwaza tu kwamba ningemkutanisha na mchungaji wangu wangepatana sana.

Krismasi iliyofuata, Bi Mkubwa alikuja jikoni kama kawaida. Akaniuliza nimeamkaje. Nikasema salama. Akasimama pale, akalitazama birika, akarudi chumbani. Iliniuma kuliko nilivyotegemea. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, na nilinuna siku nzima kwa sababu ya maneno mawili.

Mwaka wa pili wa katazo hilo, Maulidi na Krismasi ziliangukia wiki moja. Bi Mkubwa alikuwa hainuki tena kitandani. Moyo wake ulichoka, maji yakamjaa miguuni, na daktari alikwisha kuzungumza na sir pembeni kwa ile sauti ya chini ambayo kila mtu anaielewa. Siku ya Maulidi, madam, yaani mke wa sir, alikuwa kwa wazazi wake, na sir alikuwa kazini, kwani kazi za uwanja wa ndege hazina sikukuu. Baada ya sala ya alasiri Bi Mkubwa aliniambia nifukize udi. Atasoma mwenyewe, palepale kitandani, kwa kichwa. Wenzake wengine walikwisha kufa, wengine walihamia Maskati, na waliobaki waliogopa kumuudhi mtoto wake.

"Tatizo ni kusimama," alisema. "Miye siwezi. Na haiwezekani asisimame mtu. Utanisimamia, mwanangu?"

Hasira za mwaka mzima zikanitoka. Nikamwambia, "Bi Mkubwa, Krismasi yangu ulikubali ife kimya. Mbona yako huwezi?"

Hakukasirika. Alisema, "Yako utaipata nyingine mbele. Mimi sina mbele."

Nikaenda kuwasha makaa. Nilimwaza mchungaji, nikamwaza sir, nikaona wote wawili wako mbali na hakuna kati yao aliyeombwa. Nikarudi na chetezo na chupa ya marashi. Bi Mkubwa akaanza kusoma, sauti nyembamba inayokatika kila anapovuta pumzi. Alipofika mahali pale akainua mkono mmoja, nami nikasimama. Sikuitikia, sikufumba macho. Nilisimama wima kama askari wa getini na chupa yangu mkononi, nikiomba Mungu wangu kimoyomoyo asije akanielewa vibaya.

Hapo ndipo sir alipotokea. Alikuwa ametolewa kazini mapema na hatukusikia mlango. Alisimama kwenye kizingiti cha chumba, kitambulisho kifuani, funguo za gari mkononi, akanitazama kwa jicho kali. Alifungua kinywa.

Bi Mkubwa akamwona. Sijawahi kuona uso wa mtu ukifurahi vile. Sauti ikampanda, machozi yakamtiririka, akasoma akimtazama yeye tu, kama anayemsomea yeye. Sir akafunga kinywa. Angeweza kutoka. Palikuwa na kiti karibu naye, angeweza kukaa. Alibaki wima hadi mama yake aliposhusha mkono, na mimi, kwa mazoea ya miaka, nikamnyunyizia marashi kama mgeni yeyote. Hakuuondoa mkono wake.

"Mama, daktari kasema usijichoshe," alisema, akaenda chumbani kwake.

Bi Mkubwa alinishika kanga. "Umemwona? Kasimama."

"Nimemwona, Bi Mkubwa."

Asubuhi ya Krismasi tulimkimbiza hospitali akiwa hana fahamu. Siku ile nilishinda kwenye korido pamoja na sir, karibu na lifti, penye mti mwingine wa taa. Muuguzi mmoja mwenye kofia nyekundu alipita akimtakia kila mtu Krismasi njema, akamtakia na sir. Sir aliitikia kwa kichwa. Bi Mkubwa hakuzinduka tena, na mwaka mpya haukumkuta.

Alizikwa siku ileile aliyofariki, kwa haraka na utulivu. Hapakuwa na hitima, kile kisomo cha kumwombea marehemu. Sir hakutoa chozi, na watu walimsifu kwa subira. Mimi nililia kwa sauti hadi madam akaniomba niingie ndani.

Siku chache baadaye nilikuwa chumbani mwa marehemu nikikunja kanga zake za kugawiwa, kwa kuwa kazi yangu katika nyumba ile ilikuwa imekwisha. Sir aliingia akasimama.

"Siku ile," alisema, "mama alisemaje?"

Nikamwambia ukweli. Alisema umesimama. Aliyarudia hadi usingizi ukamchukua.

"Nilitaka kuwakatazeni," alisema. "Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Ukamwambia?"

"Sikumwambia."

Aliitikia kwa kichwa mara nyingi, kama mtu anayeelezwa njia ya kufika mahali. Kisha akakaa sakafuni, kati ya zile kanga, akachukua mojawapo akajifunika uso, na mtu yule ambaye watu walimsifu kwa subira akalia kwa sauti, akiita mama.